Rimoti ya kompyuta ya ukumbini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Ukurasa huu ni wa wale waliochomeka kompyuta kwenye TV ya ukumbini, wakaweka Kodi au VLC (programu za kuchezea filamu) au kivinjari tu, kisha wakachoka kuinuka kwenye kochi kila filamu ikiisha. Maswali ni yale yale, yawe yametoka Ngamiani, Chumbageni, Raskazone au Pongwe. Neno moja kabla hujatoa pesa: usianze kuchagua rimoti, anza na kinachopokea. Kompyuta nyingi hazina sikio la rimoti, na hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

## Ya mwanzo

1. Kompyuta nimeiunganisha na TV kwa waya wa HDMI. Mbona rimoti ya TV haiiendeshi?

Rimoti ya TV inaongea na TV. Ili amri zifike kwenye kompyuta, TV inabidi izipitishe kwenye waya wa HDMI kwa njia inayoitwa CEC. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, Sony wanaiita Bravia Sync. Ving'amuzi na deki nyingi za Blu-ray zinaijua njia hiyo, lakini kadi za video za kompyuta nyingi haziijui, iwe laptopu au ya mezani. Ndiyo maana umewasha Anynet+ mara kumi na hakuna kilichobadilika.

Ukiitaka kweli, yapo mambo mawili. Kampuni ya Pulse-Eight inatengeneza kidude kinachokaa kati ya kompyuta na TV: HDMI inapita ndani yake, na waya wa USB unaingia kwenye kompyuta. Kodi inakitambua bila shida. La pili ni kutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ambayo CEC imo humo humo. Ukiiwekea LibreELEC, mfumo mdogo wa kuendeshea Kodi tu, rimoti ya TV inaiendesha siku hiyo hiyo. Ila ujue kuwa TV haipitishi kila kitufe. Mishale, OK na kurudi nyuma kwa kawaida hupita. Vingine TV hujiwekea yenyewe.

2. Rimoti za kompyuta ziko aina ngapi?

Nne, ukizigawa kwa njia inayotumika kupeleka amri.

Infraredi ndiyo rimoti ya kawaida ya TV: mwanga usioonekana kwa macho, unaowaka na kuzima kwa kasi ya kilohezi 38 hivi. Inahitaji kuona inakoelekea, na kompyuta lazima iwe na kipokezi cha kuchomeka.

Ya pili ni redio ya 2.4 GHz, inayokuja na kidude chake kidogo cha USB. Kundi hili ndilo lenye rimoti za kipanya, zile zinazosogeza mshale ukizipunga hewani. Kompyuta inakiona kidude kama kibodi na kipanya vya kawaida, kwa hiyo hakuna programu ya kuweka.

Ya tatu ni Bluetooth, isiyo na kidude ikiwa kompyuta yenyewe ina Bluetooth. Ya nne ni simu yako, kupitia Wi-Fi (swali la 9).

3. Basi ninunue ipi?

Kwanza jiulize nani ataishika, pili kompyuta inaonyesha nini.

Kama ni Kodi tupu, na rimoti inazunguka mikononi mwa mama, watoto na wageni, chukua infraredi: kipokezi cha kujifunza pamoja na rimoti ya kawaida (swali la 8). Kila mtu anajua kushika rimoti ya TV. Hakuna wa kumfundisha.

Kama mnatazama YouTube na tovuti nyingine kwenye kivinjari, infraredi itakutesa, kwa sababu kivinjari kinataka mshale. Hapo chukua rimoti ya kipanya ya 2.4 GHz, na hakikisha ile yenye kibodi ndogo mgongoni. Kuandika jina la filamu kwa kuokota herufi moja moja kwenye skrini ni adhabu.

Bluetooth naiweka mwisho. Haifanyi kitu mpaka Windows iwe imeamka, hivyo BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) huiingii nayo. Ukibadilisha mfumo unaioanisha upya. Na zile kompyuta ndogo za ofisini, used, ambazo wengi wetu tunazitumia ukumbini, nyingi hazina Bluetooth. Kama unayo tayari na inakutosha, endelea nayo. Kuinunua mahususi kwa kazi hii sikushauri.

4. Kibodi na kipanya visivyo na waya si vinatosha?

Vinatosha siku ya kuweka programu. Baada ya wiki kipanya kinatembezwa juu ya mto wa kochi na kibodi imemwagiwa chai. Usivitupe lakini, viweke karibu kwa siku ya matatizo.

## Dukani

5. Nitajuaje kama rimoti itakubali kompyuta yangu?

Nenda na laptopu. Muuzaji akikuambia "hii inakubali kila kitu", mwambie sawa, tuijaribu. Chomeka kidude, kisha bonyeza hivi kwa zamu:

Mishale minne kwenye Kodi au kwenye folda yoyote yenye mafaili. Halafu OK. Rimoti nyingi za kipanya hutuma Enter mshale ukiwa umefichwa, na hutuma mbofyo wa kipanya mshale ukiwa unaonekana. Hilo si kosa, ila tafuta kitufe cha kuficha mshale. Isiyo na kitufe hicho iache dukani. Halafu kurudi nyuma: kwenye Kodi kinachotakiwa ni Backspace, na rimoti nyingine hutuma Esc au amri ya kurudi ya kivinjari. Halafu cheza/simamisha, na sauti juu na chini.

Usibonyeze kitufe cha kuwasha kabla hujahifadhi kazi yako. Sababu iko swali la 6.

Kama ni infraredi, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze. Kitaa cha mbele ya rimoti kitaonekana kikimeta, cha zambarau au cheupe. Jaribu kamera ya mbele kwa sababu ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kinachozuia mwanga huo, ukaja kudhani rimoti ni mbovu.

6. Boksi lake limeandikwa "Android TV Box". Windows itaikubali?

Itaikubali, kwa vitimbi. Kitufe chenye nyumba kimetengenezwa kwa ajili ya Android. Kwenye Windows mara nyingi kinafungua kivinjari katikati ya filamu. Kitufe cha kuwasha kinatuma amri ya kulala au kuzima, na Windows inatii pale pale bila kuuliza. Hicho kinarekebishika: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows unachagua kitufe hicho kifanye nini, na mimi huchagua kisifanye kitu au kilaze kompyuta.

Vitufe vingine vinahamishwa maana. Ndani ya Kodi kuna nyongeza iitwayo Keymap Editor: unachagua kazi, unabonyeza kitufe unachokitaka, unahifadhi. Nje ya Kodi, kwa Windows, watu hutumia AutoHotkey, ambayo inataka uandike mistari michache. Kabla hujafika huko, jifunze vitufe ambavyo programu zenyewe zinavitumia. Kodi: C ni menyu ya papo hapo, I ni maelezo, X ni kusimamisha kabisa. VLC: V inabadilisha maandishi ya tafsiri, B inabadilisha lugha ya sauti. YouTube: J na L zinarudisha na kusogeza sekunde 10, F inajaza skrini. Rimoti yenye kibodi mgongoni inavitoa vyote bila kuhamisha chochote.

7. Zile rimoti nzuri za zamani, Harmony na zenye kitufe cha kijani, bado ni za kununua?

Kitufe cha kijani kilikuwa cha Windows Media Center, iliyoanza 2002 na ikaondolewa Windows 10 ilipotoka 2015. Rimoti zake hutumia mfumo wa RC-6 wa Philips na huja na kipokezi cha USB. Ukikuta seti kamili, yenye kipokezi chake, inafaa, hasa kwa mwenye Linux, ambayo bado inakitambua. Rimoti peke yake bila kipokezi ni sawa na rimoti nyingine yoyote ya infraredi.

Harmony zilikuwa bora kuliko zote, lakini Logitech walitangaza mwezi Aprili 2021 kwamba wameacha kuzitengeneza, na mipangilio yake inategemea huduma ya kampuni hiyo mtandaoni. Ukipewa bure, pokea. Kuagiza moja kwa bei kubwa leo, hapana.

## Ulichonacho nyumbani

8. Nina rimoti ya king'amuzi kilichokufa. Nitaweza kuitumia?

Ndiyo, na ndiyo njia ninayoipenda. Unahitaji kipokezi cha kujifunza. Kinachojulikana zaidi ni Flirc. Unakichomeka, unafungua programu yake, inaonyesha picha ya kibodi au rimoti. Unabofya "juu", unabonyeza kitufe cha juu kwenye rimoti yako ya zamani, kimeshika. Unaendelea hivyo hadi vitufe vyote unavyovitaka viishe. Mafunzo yanakaa ndani ya kidude chenyewe, kwa hiyo ukikihamishia kompyuta nyingine huanzi upya, na kompyuta inakiona kama kibodi tu.

Hadhari moja. Usifunze rimoti ya kifaa ambacho bado kiko hai chumba kile kile. Ukifunza rimoti ya king'amuzi unachotazamia mpira, kila ukishuka kwenye orodha ya filamu king'amuzi nacho kinashuka chaneli. Rimoti ya kifaa kilichokufa, au cha chapa ambayo nyumbani haipo, ndiyo inayofaa.

9. Simu yangu haiwezi kuwa rimoti? Na itakula bando?

Inaweza, na bando haili. Simu na kompyuta zinaongea ndani ya Wi-Fi ya nyumbani, hata kama kifurushi kimeisha. Usipokuwa na ruta, washa hotspot ya simu, kompyuta ijiunge nayo. Ila hapo angalia kompyuta yenyewe isianze kupakua masasisho kwa bando lako.

Kwa Kodi kuna Kore, programu yao wenyewe ya Android. Kwenye mipangilio ya Kodi, sehemu ya huduma, ruhusu kuendeshwa kwa HTTP, weka jina na neno la siri. Mlango (port) wa kawaida ni 8080. Kwa kuendesha kipanya cha kompyuta nzima kuna Unified Remote na KDE Connect.

Tatizo lake ni kwamba simu ina mwenyewe. Baba akitoka kwenda msikitini, rimoti imetoka naye. Simu iwe rimoti ya pili.

Simu yenye infraredi, kama Xiaomi na Redmi nyingi, ni jambo jingine. Inatuma mwanga kama rimoti ya TV, kwa hiyo kompyuta bado inahitaji kipokezi cha swali la 8.

10. Nina sabufa, TV na kompyuta. Sauti nipandishe wapi?

Mahali pamoja tu. Ipandishe kompyuta karibu na mwisho na uiache hapo, TV ifanye hivyo hivyo kama sauti inapita kwake, kisha uendeshe kwenye sabufa. Ukifanya kinyume, kompyuta chini na sabufa juu, utasikia mvumo wakati filamu imenyamaza.

Sasa utataka rimoti moja ipandishe sabufa na pia iendeshe filamu. Rimoti nyingi za kipanya zina vitufe vichache vya infraredi vinavyojifunza: kuwasha TV, sauti juu, sauti chini. Unashikilia kitufe kimoja hadi kitaa kiwake, unaweka rimoti mbili uso kwa uso mezani, unabonyeza ile ya sabufa, taa inapepesa, basi. Fanya hivyo kivulini. Zile rimoti bapa za sabufa zina mwanga dhaifu, na betri yake ya kidonge ikiwa imechoka mafunzo hayashiki.

## Kuwasha, kuzima na umeme

11. Naweza kuiwasha kompyuta kwa rimoti?

Kuiamsha kutoka usingizini, ndiyo. Kuiwasha ikiwa imezimwa kabisa, mara nyingi hapana. Kwa hiyo zoea kuilaza badala ya kuizima.

Ili iamke, mambo mawili yakubaliane. Kwenye orodha ya vifaa ya Windows, fungua kibodi (kidude cha rimoti huonekana hapo kama kibodi), na kwenye ukurasa wa umeme ruhusu kifaa hicho kuamsha kompyuta. Kwa kipanya usiruhusu, la sivyo paka akipita mezani TV inawaka usiku. Kisha BIOS: ErP (mpangilio wa kubana umeme) ikiwa imewashwa, izime, maana inakata umeme wa USB kompyuta ikiwa imezimwa, na nyingine hukata hata ikilala. Kompyuta nyingine huamsha kupitia matundu fulani tu. Likikataa moja, jaribu jingine.

12. Umeme ukikatika ukarudi, rimoti haiamshi tena. Nifanyeje?

Umeme ulipokatika, usingizi ulipotea. Kompyuta sasa imezimwa. Ndani ya BIOS tafuta mpangilio wenye maneno "AC Power Loss" au yanayofanana nayo, uweke iwake yenyewe umeme ukirudi. Laptopu nyingi hazina mpangilio huo, lakini laptopu ina betri, hivyo haikuhusu sana.

Kama mtaani kwako umeme hurudi kwa kuruka, unawaka na kuzimika mara mbili tatu kabla ya kutulia, mimi nisingeweka mpangilio huu bila UPS. Diski za zamani za kuzunguka haziupendi mchezo huo.

## Inapogoma

13. Rimoti ya USB inashika nikiwa karibu tu, au inarukaruka.

Angalia kidude umekichomeka wapi. Matundu ya USB 3, mengi yana rangi ya bluu ndani, yanatoa kelele ya redio kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz, hasa kukiwa na diski ya nje iliyochomekwa jirani. Kihamishie tundu jeusi la USB 2. Kama kiko nyuma ya kompyuta ya bati, nyuma ya TV, basi kimezungukwa na chuma pande zote. Nunua waya wa kurefusha USB, nusu mita inatosha, ukilete mbele. Tiba hii ni rahisi na inamaliza kesi nyingi kabla ya kulaumu rimoti.

14. Infraredi inagoma asubuhi, jioni inashika vizuri. Ni jini?

Ni jua. Mwanga wa jua umejaa infraredi, na ukumbi wenye dirisha linalotazama baharini unaupokea mzima mzima kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Kipokezi kinazidiwa, hakiisikii tena rimoti. Vuta pazia, au kigeuze kipokezi kisitazame dirisha. Kijibomba cheusi cha karatasi mbele yake nacho kinasaidia.

15. Kompyuta nimeificha kabatini.

Mlango wa mbao unazuia infraredi kabisa, wa kioo kwa kawaida unapitisha. Redio ya 2.4 GHz inapita mbao bila shida. Kwa infraredi, toa kipokezi nje kwa waya wa swali la 13. Na acha upenyo wa hewa: kompyuta iliyofungiwa kabatini kwa joto la Tanga la Februari itakusumbua kabla rimoti haijakusumbua.

16. Vitufe vimekuwa vigumu, vingine havishiki.

Kwanza betri. Fungua kifuniko: ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye springi, betri imevuja. Kama ni alkali, lowesha pamba kwa siki kidogo, sugua, futa, acha ikauke kabisa. Hewa ya chumvi inaharakisha kutu hapo. Nyumba za Raskazone zinaijua habari hiyo. Rimoti isiyotumika itoe betri.

Betri zikiwa salama, shida ni chini ya vitufe. Humo mna raba yenye vidoa vyeusi vinavyogusa bodi ukibonyeza, na jasho na mafuta ya vitumbua hupenya taratibu hadi hapo. Fungua, futa bodi na vidoa hivyo kwa spiriti, kwa wepesi, usikwangue.

Ile desturi ya kuivisha rimoti nailoni na kuifunga kwa raba bendi ninaiunga mkono. Nailoni angavu haizuii infraredi, wala redio. Badilisha tu ikishakuwa ya njano.

17. Mshale unatembea wenyewe.

Kihisi cha mwendo kimepoteza sifuri yake. Iweke rimoti juu ya meza tambarare, fuata maelekezo ya karatasi yake ya kuisawazisha, usiiguse hadi taa itulie. Ikirudia kila siku, kihisi ni kibovu, irudishe ulikoinunua.

## Ya nadra

18. Nina kibanda umiza. Rimoti ipi?

Redio ya 2.4 GHz, kwa sababu unakaa mlangoni unakusanya viingilio na katikati kuna vichwa vya watu. Ficha kibodi.

Kero kubwa ya vibanda ni nyingine: kijana mwenye simu ya infraredi anazima TV Coastal Union ikielekea kufunga, halafu anacheka na wenzake. Kompyuta yako ya redio haimsikii, lakini TV au projekta inamsikia. Tafuta dirisha dogo jeusi la kipokezi kwenye TV na ulizibe kwa kipande cha foili, juu yake tepu. Tepu peke yake haiaminiki, nyingine zinapitisha. Baada ya hapo TV utaiwasha kwa kitufe chake.

19. Nina TV mbili za chapa moja, kila moja na kompyuta yake na kipokezi chake.

Kama zipo vyumba viwili, huna tatizo. Infraredi haipiti ukuta. Kama ni chumba kimoja, funza kila kipokezi rimoti ya chapa tofauti. Rimoti za 2.4 GHz kila moja imefungwa na kidude chake, hazichanganyiki, ila vidude vyenyewe vinafanana. Viandike kwa kalamu ya wino mzito kabla havijapotezana.

20. Bibi anataka taarabu yake tu. Hataki menyu wala mishale.

Weka nyimbo zake kwenye Kodi kama orodha moja, iwe Black Star, Lucky Star au anazozipenda. Kwenye faili la vitufe la Kodi unaweza kukipa kitufe kimoja amri ya PlayMedia ikifuatiwa na njia ya orodha hiyo. Nyongeza ya swali la 6 haitoshi kwa hili. Faili unaliandika kwa mkono, ni mistari michache ya XML. Kisha funza Flirc kitufe chekundu cha rimoti ya zamani kitume kitufe cha kibodi ulichokichagua, mfano F1. Cha kijani kiwe X ya kusimamisha. Vitufe vingine vyote usivifunze, hata akivibonyeza kwa bahati mbaya hakuna kinachotokea. Sauti ataendeshea kwenye sabufa, ambayo tayari anaijua.